Mume Yuko Kanada, Maombi Hayajajibiwa: Je, Unaweza Kwenda Kumsalimia?

Nilikuwa nimeenda kutoa fotokopi tu. Steshenari za Dodoma mjini, hasa zile zilizo jirani na ofisi, zimegeuka baraza: mtu anakuja kuskani cheti cha ndoa, mwingine anapiga picha ya pasipoti, na foleni nzima inajua safari ni ya wapi kabla mashine haijapata moto. Siku hiyo mbele yangu alikuwepo dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi huko Chamwino. Mumewe anaishi Toronto. Walifunga ndoa hapa hapa Dodoma, mume akarudi kwenye kubeba boksi lake, maombi ya kumdhamini mkewe yakapelekwa. Miezi saba imepita, jibu hakuna. Likizo ya Desemba inakaribia na dada anataka kwenda kumwona mumewe.

Kijana wa mashine akamkatisha tamaa mapema. "Dada, ukishakuwa na maombi ya ukaazi, viza ya kutembea huwezi kupewa. We subiri." Mama aliyekuwa nyuma yangu akadakia: "Asubiri nini? Mumewe si ameshamwombea? Huyo ana haki ya kuingia muda wowote." Halafu baba mmoja mwenye mkoba wa kompyuta, ambaye hadi leo sijui alikuja kuprinti nini, akamvuta dada pembeni na kumwambia kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia: "Usiandike kama una mume kule. Andika unakwenda kwenye semina."

Kijana alikosea. Mama naye alikosea. Baba wa mkoba, yeye angeweza kuwatenganisha wale wanandoa kwa miaka mitano.

Nitaeleza kwa upande wa Kanada, kwa sababu ndiko aliko mume wa huyu mwalimu. Kila nchi ina sheria yake, na aliye na mwenza Marekani au Uingereza asiyabebe haya akayapeleka huko mzima mzima.

Sheria ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi ya Kanada, iliyopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika Juni 2002, ina kifungu kifupi ambacho wengi hawajawahi kukisikia: kifungu cha 22, kijifungu cha 2. Kinasema kwamba mtu kuwa na nia ya kuhamia Kanada moja kwa moja hakumzuii kuingia kwa muda, mradi ofisa aridhike kwamba mtu huyo ataondoka muda wake ukiisha. Wanasheria wa kule wanaita jambo hili nia mbili. Leo nataka kutembea, kesho nataka kuhamia, na nia zote mbili zinaruhusiwa kukaa kwenye kichwa kimoja.

Kwa hiyo maombi ya ukaazi hayafungi mlango wa viza ya matembezi, na hapo kijana anakuwa amejibiwa. Ila hayaufungui pia. Viza ya matembezi ni ombi jingine kabisa, lenye fomu yake, ada yake na ofisa wake, na hakuna aya yoyote inayosema mke wa mtu aliyeko kule apewe tu kwa kuwa faili lake kubwa linasubiri. Mtanzania anahitaji viza ili aingie Kanada, awe mke wa mtu asiwe mke wa mtu.

Ugumu wenyewe uko hapa. Haya maombi mawili yanauliza maswali yanayovutana. Faili la ukaazi linauliza: ndoa hii ni ya kweli, au mmeoana kwa ajili ya makaratasi? Faili la matembezi linauliza: muda ukiisha, utarudi? Sasa fikiria vielelezo. Picha za harusi, risiti za kutumiana pesa, meseji za usiku wa manane, yote hayo kwenye faili la kwanza ni dhahabu. Ofisa wa faili la pili akiyaangalia anaona sababu nyingine ya wewe kutotaka kuondoka. Anayempenda mumewe kweli kweli ndiye ana sababu kubwa ya kubaki naye. Watu wengi hukataliwa viza kwa kutoelewa hili. Wanapakia ushahidi wa mapenzi kurasa arobaini, na ushahidi wa kurudi nyumbani nusu ukurasa.

Kwa hiyo kwa mwalimu wetu kazi ni kuionyesha Dodoma. Ana ajira ya serikali. Basi barua ya mwajiri iseme cheo chake, tangu lini yuko kazini, na likizo aliyopewa ni ya kuanzia lini hadi lini. Mtumishi wa umma anahitaji pia kibali cha kusafiri nje ya nchi, na kibali hicho kikiambatanishwa kinazungumza kuliko yeye mwenyewe. Kama ana kiwanja Nzuguni, hati iwepo. Kama ana ekari mbili za zabibu kule Hombolo, aeleze nani anazisimamia na msimu wa kuvuna ni lini. Kama mtoto wake anabaki anasoma, barua ya shule. Kama ndiye anayemuuguza mama yake Kondoa, aseme. Asiye na ajira rasmi naye ana vyake: leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, taarifa ya benki ya miezi kadhaa, mkataba wa pango la fremu.

Tahadhari moja hapa, maana nimeiona ikiwaumiza watu wenye nyaraka safi kabisa. Likizo ya mwaka ya mfanyakazi wa Tanzania ni siku 28. Mtu anaambatanisha barua ya likizo ya siku 28, halafu kwenye fomu anaomba kukaa miezi sita, kwa kuwa alisikia Kanada hutoa miezi sita. Ofisa hahitaji kufikiri sana. Ama barua ni ya uongo ama kazi itaachwa. Omba wiki nne kama una wiki nne. Ukitaka miezi mitatu, tafuta kwanza likizo bila malipo, upate barua yake.

Pia iandikwe barua ya maelezo, ukurasa mmoja au miwili, inayotaja maombi ya ukaazi waziwazi: namba ya faili, tarehe yalipopelekwa, nani mdhamini. Kisha iseme bila kuzunguka kwamba unakwenda kutembea, unafahamu huna ruhusa ya kubaki kwa sababu tu ya faili hilo, na majibu yakichelewa utarudi kuyasubiri Dodoma. Kukitaja kile kifungu cha 22 si vibaya. Mume naye aandike barua yake ya mwaliko, aonyeshe atakakulaza na atakavyokulisha.

Mei 2023 waziri wa uhamiaji wa Kanada wa wakati huo, Sean Fraser, alitangaza utaratibu wa kushughulikia haraka zaidi viza za matembezi za wenza ambao tayari wana maombi ya udhamini, lengo likiwa mengi ya maombi hayo yapate jibu ndani ya siku 30. Maana yake ni kwamba serikali yenyewe ilikiri mtu mwenye faili la mwenza si wa kutiliwa shaka kwa kuwa nalo tu. Hata hivyo tangazo la waziri halifuti swali la kurudi, na ofisa bado ana uamuzi wake.

Sasa turudi kwa baba wa mkoba.

Fomu ya viza inauliza hali ya ndoa. Inauliza kama umewahi kuomba kuingia au kukaa Kanada. Inauliza kama umewahi kunyimwa viza na nchi yoyote. Kifungu cha 16 cha sheria ile ile kinamtaka mwombaji ajibu kwa ukweli kila anachoulizwa. Kifungu cha 40 kinaeleza matokeo ya kusema uongo, au kuficha jambo la msingi: miaka 5 ya kutoruhusiwa kuingia. Na miaka hiyo haihusu matembezi peke yake. Ndani yake huwezi hata kuomba ukaazi wa kudumu. Kwa maneno mengine, uongo mdogo kwenye fomu ya kwenda kusalimia unaliua lile faili kubwa ambalo mume amelilipia na mmekuwa mkilisubiri.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba uongo huo hauna hata nafasi ya kufanikiwa. Maombi yote ya uhamiaji ya Kanada yanakaa kwenye mfumo mmoja wa kompyuta. Ofisa akiandika jina lako na namba ya pasipoti, faili la udhamini linajitokeza lenyewe, na mume, na tarehe ya harusi. Vishoka wa viza wanauza ujanja uliokwisha kazi zamani, na siku ukifungiwa, mwenye mkoba hapatikani kwa simu.

Gharama ya upande huu si kubwa ukilinganisha na tiketi: ada ya viza ya matembezi ni dola 100 za Kanada, na alama za vidole pamoja na picha ni dola 85. Alama hizo, kwa ajili ya viza za muda, hudumu miaka 10, kwa hiyo kama ulishazitoa kwa ajili ya faili la ukaazi angalia kwanza kabla hujalipa tena. Kama hujazitoa, lazima ufike Dar es Salaam. Zamani hiyo ilikuwa siku nzima ya basi kupitia Morogoro na usiku mmoja wa kulala kwa shangazi. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mtu anaweza kuondoka alfajiri na akarudi kulala kwake.

Tuseme viza imetoka. Hapo watu hupiga vigelegele, na vigelegele vina haki yake, ila kuna mlango mmoja bado. Viza inakupandisha ndege. Anayekuruhusu kuingia ni ofisa wa mpaka pale uwanjani Toronto, Montréal au popote utakaposhukia kwanza, na ofisa huyu ana mamlaka ya kukuuliza upya yale yale uliyojibu kwenye fomu. "Umekuja kufanya nini? Kwa nani? Kwa muda gani? Kazi yako nani anaishika?" Jibu la mwalimu wetu linatosha kuwa sentensi tatu. Nimekuja kumtembelea mume wangu. Ameniombea ukaazi na faili bado linasubiri. Nakaa hadi tarehe fulani, shule inafunguliwa, tiketi ya kurudi hii hapa. Asiongeze. Hofu huwafanya watu waeleze hadithi ambayo hawakuulizwa, na hadithi ndefu huwa na matundu.

Ofisa anaweza kufungua begi, na anaweza kukagua simu. Begi nalo husema. Mtu anayedai anakaa wiki nne huku amebeba vyeti vyake vyote halisi tangu darasa la saba, kinu, mwiko, mbuzi ya kukunia nazi, na nguo za kuvaa miaka mitatu, amejishtaki mwenyewe. Simu yenye meseji kwa dada yake inayosema "nikifika ndo sirudi tena" inafanya hivyo hivyo. Sisemi ufute meseji. Nasema kama huo ndio mpango wako wa kweli, basi viza ya matembezi siyo njia yako, subiri ile ya ukaazi.

Akikataa kukuruhusu, kuna matokeo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza, anaweza kukubali ubatilishe mwenyewe nia ya kuingia na upande ndege ya kurudi. Inauma, pesa imepotea, lakini faili la ukaazi linaendelea, na kuanzia siku hiyo utalitaja tukio hilo kila fomu itakapouliza. La pili ni amri ya kuondolewa, ambayo kwa kosa la kutotimiza masharti hukufungia mwaka 1, na kwa kosa la uongo hukufungia miaka 5. Tofauti kati ya haya mawili mara nyingi hutokana na jinsi mtu alivyojibu pale dirishani.

Ukigongewa muhuri wa kuingia, jambo la kwanza ni kusahau tarehe iliyoandikwa kwenye viza. Tarehe ile inasema mwisho wa kuitumia viza kuingilia. Haisemi mwisho wa kukaa. Mgeni kwa kawaida huruhusiwa miezi 6 tangu siku aliyoingia, isipokuwa ofisa ameandika tarehe nyingine, fupi au ndefu. Nimesikia kisa cha mtu aliyekaa kwa amani kwa sababu viza yake ilikuwa na miaka miwili mbele, kumbe muda wake wa kukaa uliisha baada ya miezi sita tu. Akishtuka mapema, mtu wa namna hiyo ana siku 90 za kuomba arejeshewe hadhi yake. Zikipita, anakuwa amezamia, hata kama hakukusudia.

Na kama mambo yakinoga? Maana tusijifanye. Mke amefika, wiki mbili zimeisha, theluji imeanza kuanguka, mume anasema "bakia kidogo." Kuongeza muda kunaruhusiwa, ombi lipelekwe kabla muda wa sasa haujaisha. Likipelekwa kwa wakati, unaendelea kuwa halali kwa masharti yale yale hadi lijibiwe. Ila ukitoka nje ya Kanada katikati ya kusubiri huko, ule uhalali unaisha hapo hapo, na kurudi ni kuanza upya mbele ya ofisa wa mpaka. Mgeni pia haruhusiwi kufanya kazi. Mwenye maombi ya udhamini yaliyopokelewa na anayeishi Kanada na mwenza wake anaweza kuomba kibali cha kazi kisichofunga mwajiri mmoja, na tangu 2023 nafasi hiyo iko pia kwa walioomba kupitia kundi la nje. Kwa mwalimu mwenye ajira ya serikali, kubaki kidogo kuna bei yake huku nyumbani, utoro kazini, na bei hiyo Kanada haimlipii.

Nimegusia kundi la nje, na hapa nataka kukaa, kwa kuwa ndipo wanandoa wengi hukosea bila hata kujua kulikuwa na njia mbili.

Maombi ya mwenza Kanada yana makundi mawili. Moja ni la mwenza aliye ndani ya Kanada, ambalo linadai wawili hawa wawe wanaishi pamoja kule. Jingine ni la familia, ambalo watu hulizoea kwa jina la maombi ya nje. Jina hili la pili linadanganya. Mtu akisikia "ya nje" anadhani mwombaji lazima awe Dodoma tangu mwanzo hadi mwisho. Si hivyo. Mwenye maombi ya nje anaweza kwenda Kanada kutembea, akakaa, akarudi, akaenda tena, na faili lake haliguswi na safari hizo. Anaweza hata kulipeleka akiwa kule kule kama mgeni.

Mwenye maombi ya ndani hana uhuru huo. Hakuna anayemzuia kupanda ndege, pasipoti ni yake. Lakini sharti la kundi lake ni kuishi na mwenza wake ndani ya Kanada. Akitoka na asifanikiwe kurudi, sharti limevunjika na faili linaanguka. Na kurudi kunategemea viza iwe bado hai na ofisa wa mpaka aridhike upya. Halafu kuna rufaa. Maombi ya nje yakikataliwa, mdhamini ana haki ya kukata rufaa kwenye kitengo cha rufaa za uhamiaji, asikilizwe, alete mashahidi. Ya ndani yakikataliwa, haki hiyo haipo. Kinachobaki ni kuiomba Mahakama ya Shirikisho iangalie kama ofisa alifuata sheria, na huko ni ghali na pembamba.

Sasa pima hayo kwa maisha yetu. Mtu wa huku ana wazazi wenye umri, ana wadogo wanaomtegemea, ana ukoo. Simu ya msiba haingoji faili. Ikipigwa saa tisa usiku kwamba baba amefariki Mpwapwa, mwenye maombi ya nje anakata tiketi na kuja kuzika. Mwenye maombi ya ndani anakaa kitandani akipiga hesabu kati ya kaburi la baba yake na faili lake. Kwa maoni yangu, Mtanzania mwenye viza ya kuingia mara moja tu na wazazi walio hai afikirie mara mbili kabla ya kuchagua njia ya ndani, hata kama kuna mtu kamwambia ina faida zake. Zipo, kwa aliyekwisha jenga maisha kule na asiye na haja ya kutoka.

Kuhusu kupitia Marekani nitasema kwa ufupi. Tiketi ya bei rahisi inayopitia uwanja wa Marekani si rahisi tena ukijua kwamba Mtanzania anahitaji viza ya Marekani hata kwa kubadilisha ndege tu. Wengi wetu hupita Addis Ababa, Doha, Istanbul au Amsterdam. Na ule mtindo wa kuvuka mpaka wa Marekani na kugeuka papo hapo ili upewe kibali dirishani, ambao wakongwe wa kule bado wanausimulia, ulifungwa kwa vibali vya kazi na masomo tarehe 23 Desemba 2024.

Kuna mpaka mwingine unaosahaulika katika mazungumzo haya yote: ule wa mume kuja huku.

Kama mume ni mkaazi wa kudumu na si raia, anatakiwa awe anaishi Kanada muda wote anaodhamini. Kuja Dodoma wiki tatu si tatizo. Kuhamia Dodoma mwaka mzima huku faili linasubiri ni tatizo, maana mkaazi wa kudumu haruhusiwi kudhamini akiwa anaishi nje. Raia wa Kanada anaweza kudhamini akiwa anaishi nje, mradi aonyeshe kwamba mkewe akipata ukaazi watarudi kuishi kule. Lakini aliyechukua uraia wa Kanada akiwa mtu mzima amepoteza wa Tanzania, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Shemeji aliyezaliwa Makole huenda akalazimika kuingia nyumbani kwao kwa viza ya mgeni, na siku zake zikahesabiwa kama za mtalii aliyekuja kuona mapango ya Kolo.

Ziara hizi za mume zina uzito kwenye faili kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mihuri kwenye pasipoti yake, tiketi, picha za kawaida akiwa na wakwe, hata ile aliyopigwa akila ugali wa mtama na mlenda bila kujua anapigwa, ni ushahidi ambao ofisa anauelewa. Wala ndoa yenyewe haiwezi kukwepa safari. Tangu Juni 2015 Kanada haitambui, kwa ajili ya uhamiaji, ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuwepo kwa mwili wake. Ndoa ya kwenye simu, ya video, au ya mtu kuwakilishwa na kaka yake, hata kama kwa shehe imekamilika na mahari imeliwa, kwenye faili lile ni bure. Nimeona familia iliyotuma pesa za ukumbi kabla ya kulijua hilo.

Kwa hiyo kama pesa zilizopo ni za tiketi moja tu, mimi ningemwambia mume aje. Hana swali la "utarudi?" la kujibu, kazi yake iko kule na kila mtu anajua. Mke aende pale viza yake inapoeleweka yenyewe, kama ilivyo kwa mwalimu mwenye tarehe ya shule kufunguliwa.

Na viza ikikataliwa, barua ya kukataliwa kwa miaka mingi ilikuwa fupi na haikusema kitu; tangu Julai 2025 baadhi ya barua huja na maelezo ya ofisa. Watu huikasirikia, wakaituma tena fomu ile ile na karatasi zile zile. Barua ikija bila maelezo hayo, mume aliyeko Kanada anaweza, kwa idhini ya mkewe ya maandishi, kuomba maelezo ambayo ofisa aliyaandika ndani ya mfumo alipokuwa anaamua. Hapo ndipo utasoma sababu halisi: akiba haikueleweka ilitoka wapi, au barua ya mwajiri haikuwa na tarehe ya kurudi. Ukitibu hilo, omba tena. Kukataliwa viza ya matembezi hakulivunji faili la udhamini; kunatakiwa tu kutajwa kila utakapoulizwa.

Limebaki moja, lile la kheri. Idhini ya ukaazi inaweza kutoka mke akiwa matembezini. Ndiyo maana kila akihama anwani aijulishe idara ya uhamiaji kupitia akaunti yake, ili wajue yuko upande gani wa bahari. Akiwa ndani ya Kanada, hatua ya mwisho anaweza kuikamilisha kwenye mtandao bila kutoka. Akiwa Dodoma, ataitwa apeleke pasipoti iwekwe viza ya ukaazi, na ataingia kwa hiyo, si kwa ile ya matembezi, hata kama ya matembezi bado ina miezi. Kadi ya ukaazi hufuata kwa posta, kwenye anwani ya Kanada tu. Kabla kadi hiyo haijafika mkononi, asikate tiketi ya kuja kula sikukuu nyumbani; siku ya kurudi, kaunta ya ndege pale Dar es Salaam itamtaka aonyeshe kadi, au hati maalumu ya safari ya mkaazi ambayo nayo ni ombi jingine, na ada nyingine, na foleni nyingine ya steshenari.